Nimetoa kijiti, nataka mtoto wa pili: foliki nianze lini?

Swali

Shikamoo daktari. Nina miaka 27, naishi Morogoro, nina mtoto mmoja wa miaka minne. Wiki tatu zilizopita nilitoa kijiti cha uzazi wa mpango kwa sababu mimi na mume wangu tunataka mtoto wa pili. Mwaka jana dada yangu, tumbo moja, alijifungua mtoto mwenye mgongo wazi, na baadaye kichwa kikaanza kuwa kikubwa. Mtoto alipasuliwa, anaendelea na kliniki. Tangu hapo nina hofu. Nesi aliyenitoa kijiti nilimuuliza kuhusu vidonge vya foliki, akasema ni vya wajawazito, nirudi nikishapata mimba. Nikaenda duka la dawa, nikauziwa vidonge vya miligramu 5, lakini kila ninaposoma naona maikrogramu 400, naogopa nisije nikazidisha. Mama mkwe anasema foliki inamkuza mtoto tumboni mpaka mtu azae kwa kisu, na kwamba mchicha unatosha. Ya dada yangu anasema ni mambo ya ukoo wetu. Dada mwenyewe naye anataka kuzaa tena. Tufanye nini?

Jibu

Marahaba, binti yangu. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Usisubiri mimba. Anza kumeza foliki leo, meza kila siku, usiache mpaka mimba itakapotimiza wiki 12. Kama hamna haraka, tumieni kondomu miezi miwili mitatu hivi wakati akiba ya foliki inajengeka kwenye damu yako. Kama hamtaki kusubiri, basi ndiyo sababu zaidi ya kuanza leo, maana kijiti kikishatoka uwezo wa kushika mimba hurudi upesi, haukai miezi kama kwa aliyekuwa anachoma sindano. Na kama siku zako zimeshachelewa, pima, lakini kidonge kisingojee majibu.

Sasa nikueleze kwa nini ninasisitiza hivyo.

Chukua kalenda. Tuseme umeanza hedhi tarehe 1 Machi na mzunguko wako ni wa siku 28. Yai litapevuka na kurutubishwa kama tarehe 15 Machi. Hedhi inayofuata utaitegemea tarehe 29 Machi. Isipokuja, utasema labda ni uchovu, labda ni kijiti, utasubiri wiki. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huwa vimeshajifunga siku ya 28 tangu mimba kutungwa, yaani kwenye kalenda yetu ni tarehe 12 Aprili. Hesabu mwenyewe: tangu ulipokosa hedhi hadi kazi ile kukamilika ni wiki mbili tu. Wanawake wengi siku hiyo hawajajua kama wana mimba, na wengi wanaojua bado wanaificha, kwa kuwa kwetu mimba changa haitangazwi. Kliniki wanakwenda mimba ikiwa na miezi minne, mitano. Hapo mgongo umeshafungwa kitambo, au umeshabaki wazi kitambo.

Hicho kinachofunga kiko hivi. Umewahi kuona jani changa la mgomba linavyotoka likiwa limeviringika kama bomba, halafu likafunguka taratibu likawa bapa? Geuza picha hiyo iende kinyume. Mtoto katika wiki ya tatu tangu mimba kutungwa ana kibapa chembamba mgongoni, urefu wake haufiki hata punje ya mchele. Kingo mbili za kibapa hicho zinainuka, zinainamiana, zinashikana kwa juu na kuwa mrija. Kushikana kunaanzia sehemu ya shingo, kisha kunakwenda juu kuelekea kichwani na chini kuelekea kiunoni. Upande wa juu wa mrija unakuwa ubongo, wa chini unakuwa uti wa mgongo. Chini kusipofunga, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Juu kusipofunga, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo havikui, na mtoto huyo hufia tumboni au ndani ya saa na siku chache baada ya kuzaliwa.

Kazi hiyo yote ni ya seli kugawanyika kwa kasi kubwa, na seli haiwezi kugawanyika bila kunakili vinasaba vyake. Foleti, ambayo ni vitamini B9, ndiyo inayotumika kutengeneza vile vipande ambavyo vinasaba huundwa navyo. Ikipungua katika siku zile chache, kingo zinaweza zisikutane. Asidi ya foliki iliyomo kwenye kidonge ni foleti hiyo hiyo katika umbo lililotengenezwa kiwandani, ambalo haliharibiki upesi na mwili unalifyonza vizuri zaidi.

Kuna mama mmoja ambaye sijamsahau. Nilikuwa daktari mpya, bado mafunzoni, zamu ya usiku wodi ya wazazi. Alijifungua mtoto wa kike, akalia vizuri, sote tukafurahi. Mkunga alipomgeuza amfute mgongo, mkono ukasimama. Juu kidogo ya makalio palikuwa na kifuko chekundu chenye kung'aa, ukubwa wa ndimu, ngozi yake nyembamba kama ile inayobaki ndani ya ganda la yai, maji maangavu yanachuruzika pembeni. Nilimfinya kidole cha mguu. Miguu ilibaki imelala vile vile na sauti ya kilio haikubadilika. Tukafunika kifuko kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, tukamlaza kifudifudi, tukaanza kutafuta gari la rufaa. Mama yake akavuta mkoba, akatoa kadi ya kliniki aliyoifunga kwenye nailoni, na ndani ya nailoni hiyo mlikuwa na pakiti zote tupu za vidonge vya damu alizopewa tangu mwezi wa tano wa mimba. Alikuwa amezitunza. Akaniuliza, "Daktari, sikuruka hata siku moja. Nilikosea wapi?"

Hakukosea popote. Alimeza alichopewa tangu siku aliyopewa. Vidonge vile vilimsaidia kweli kwa damu yake, lakini kwa mgongo wa mwanawe vilifika miezi minne baada ya wakati. Hakuna aliyekuwa amemwambia kabla. Kwa hiyo unapoandika kwamba ulitoa kijiti, ukauliza mwenyewe, ukajibiwa urudi na mimba, ninaumia, kwa sababu siku ya kutoa kijiti ndiyo siku hasa ya kukabidhi vidonge hivi. Mwanamke amekaa mbele yetu, ametamka kwa mdomo wake kwamba anataka mtoto. Nafasi nyingine kama hiyo tutaipata wapi?

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani na ni mzito. Mwaka 1991 Uingereza walitoa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vituo 33 vya nchi saba. Wanawake wote walioshiriki walikuwa wameshawahi kupata mimba yenye tatizo hili, kama dada yako. Waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa foliki miligramu 4 kila siku kuanzia kabla ya mimba, wengine hawakupewa. Waliopewa, tatizo lilijirudia kwa 6 kati ya mimba 593. Wasiopewa, lilijirudia kwa 21 kati ya 602. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, ikaonekana si haki kuendelea kuwanyima wengine.

Kwa wanawake wasio na historia yoyote, jibu zuri lilitoka China. Huko wanawake zaidi ya 240,000 walifuatiliwa, wanaomeza maikrogramu 400 na wasiomeza. Kaskazini, ambako tatizo lilikuwa kubwa, liliwapata watoto karibu 5 kwa kila 1,000 kwa wasiomeza, na mtoto 1 kwa 1,000 kwa waliomeza kuanzia kabla ya mimba. Kusini, ambako tatizo lilikuwa dogo tangu mwanzo, lilipungua kutoka 1 hadi 0.6. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1999, na yaliipa nguvu hiyo 400 unayoisoma kila mahali.

Ukitazama namba hizo vizuri utaona pia kwamba haikufika sifuri. Foliki inazuia sehemu kubwa ya mgongo wazi, haizuii wote. Kuna watoto wanaozaliwa nao ingawa mama alimeza kila siku tangu kabla ya mimba. Ninakwambia mapema ili lolote likitokea usije ukajisulubu. Na haizuii kasoro za kila aina: ugonjwa wa Down, kwa mfano, unatokana na jambo jingine kabisa.

Tuje kwenye hivyo vidonge ulivyouziwa, maana hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, hata wauzaji.

Miligramu 1 ni maikrogramu 1,000. Kidonge chako cha miligramu 5 ni maikrogramu 5,000, zaidi ya mara kumi na mbili ya 400. Madukani kwetu hicho cha 5 ndicho unachokipata kirahisi na kwa bei ndogo, kwa kuwa kinatumika kwa wagonjwa wa selimundu (sikoseli) na wenye upungufu fulani wa damu. Cha 400 peke yake ni adimu. Lakini 400 utaipata ndani ya FEFO, vile vidonge vya kliniki vyenye madini ya chuma na foliki pamoja. Mwanamke ambaye hajapata mimba anaweza kumeza FEFO bila shida, na wengi wetu chuma tunakihitaji kutokana na hedhi tu. Meza baada ya chakula cha usiku kama kinakuchefua, usikimeze na chai kwa sababu chai inazuia chuma kufyonzwa, na choo kikiwa cheusi usishtuke, ni chuma hicho.

Kwa mwanamke asiye na historia yoyote, 400 inatosha kabisa na sina sababu ya kumpa 5. Kiasi kikubwa kinahitajika kwa makundi maalumu: aliyewahi kuzaa au kubeba mimba yenye tatizo hili, mwanamke ambaye yeye mwenyewe au mwenzi wake alizaliwa na mgongo wazi, mwenye kisukari, anayetumia baadhi ya dawa za kifafa, mwenye selimundu. Wanene sana nao wengi tunawaweka humo.

Wewe uko mpakani. Mgonjwa ni mtoto wa dada yako, si wako. Ipo miongozo inayohesabu historia ya ukoo wa mama au wa baba, kama ule wa Uingereza, na ukiufuata huo wewe unastahili miligramu 5. Ipo mingine inayoangalia zaidi wewe, mumeo na watoto wenu tu. Mimi ungekaa mbele yangu ningekuandikia 5, kuanzia sasa mpaka wiki ya 12. Lakini usijiandikie mwenyewe ukaishia hapo. Nenda kwa daktari ndani ya wiki hizi, mweleze historia ya dada yako, akupime damu na sukari, akuulize dawa unazotumia. Huku ukisubiri kumwona, endelea kumeza. Kukosa foliki wiki hizi ni hatari kuliko kumeza 5 kwa wiki mbili.

Kuhusu kuzidisha: foliki huyeyuka kwenye maji na ziada hutoka kwa mkojo. Tunachoogopa kwa kiasi kikubwa kinachomezwa muda mrefu ni kwamba kinaweza kuficha upungufu wa vitamini B12. Damu inaonekana imepanda, kumbe mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika kimyakimya. Hilo linawahusu zaidi wasiokula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa. Ndiyo maana mtu anayejinunulia mwenyewe tunamwambia asizidi miligramu 1 kwa siku bila daktari. Na tafadhali usijaribu kukikata kidonge cha 5 vipande kumi na viwili upate 400. Nimeona watu wakikisaga kwa kijiko na kukadiria kwa ncha ya kisu. Hakipimiki hivyo.

Sasa sikiliza hili kwa makini, kwa sababu unaishi Morogoro na malaria ipo. Kuanzia mwezi wa nne wa mimba kliniki watakupa SP, vile vidonge vitatu vinavyomezwa papo hapo mbele ya nesi kwa ajili ya kuzuia malaria. SP inamuua kidudu cha malaria kwa kumnyima foleti. Ukimeza foliki ya miligramu 5 wakati huo huo unamlisha kile ambacho dawa inamnyima, na kinga inapungua nguvu. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba foliki ya miligramu 5 au zaidi isitolewe pamoja na SP. Ile ya 400 haina tatizo. Bahati nzuri nyakati zenyewe zinapishana: mgongo wa mtoto unahitaji kiasi kikubwa hadi wiki ya 12, SP inaanza baada ya hapo. Kwa hiyo wiki ya 12 ikitimia weka pembeni za 5, endelea na FEFO ya kliniki mpaka ujifungue. Siku ya kwanza kliniki waambie wakuandikie kwenye kadi ulichokuwa unameza, ili atakayekupa SP akute maandishi. Mwenye selimundu anayehitaji 5 wakati wote, huyo mpango wake wa kinga ya malaria aupange na daktari.

Mama mkwe wako ana haki kuhusu mchicha, ila nusu yake. Foleti kweli jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani, na mwaka 1941 wanasayansi wa Marekani waliitoa kwenye tani nne za spinachi. Mchicha, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, kunde zenyewe, maharage, choroko, karanga, parachichi, machungwa, vyote vinayo. Tatizo ni njia kutoka shambani mpaka mwilini. Foleti inayeyuka kwenye maji na inaharibika kwa moto. Sisi tunakata mchicha kwanza, tunauosha ukiwa umekatwa, tunauchemsha, tunamwaga yale maji ya kijani, ndipo tunaunga. Yale maji tuliyomwaga ndiyo tuliyokuwa tunayatafuta. Osha kwanza kisha kata, pika muda mfupi, maji yakaukie humo humo. (Kisamvu kiacheni kichemke vizuri kama kawaida, kina sumu yake inayohitaji moto mrefu.)

Hata ukipika kwa uangalifu, hesabu haifiki. Nusu kikombe cha kunde zilizopikwa kina maikrogramu kama 100 za foleti, na foleti ya chakula mwili unaipata kidogo kuliko ile ya kidonge. Ili ulingane na kidonge kimoja cha 400 ungekula zaidi ya vikombe vitatu vya kunde kila siku, bila kuruka. Kula mboga, mpikie na mumeo, lakini kidonge kibaki. Maini nayo yana foleti nyingi, ila yana vitamini A nyingi sana, ambayo ikizidi mwanzoni mwa mimba ina madhara yake. Kipande mara moja moja, si kila siku.

Unga nao una habari yake. Tanzania ilitunga kanuni mwaka 2011 kwamba unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe virutubishi, foliki ikiwemo, na Kenya ikafanya hivyo mwaka 2012. Afrika Kusini walianza Oktoba 2003, na kasoro hizi zikashuka kutoka 1.41 hadi 0.98 kwa kila vizazi 1,000. Lakini wewe unga wako unatoka wapi? Ukipeleka debe lako la mahindi kwenye mashine ya mtaani likakobolewa na kusagwa, hakuna aliyeongeza kitu, na ule ukoboaji umeondoa kiini na pumba zilizokuwa na vitamini. Ukinunua unga wa pakiti, soma kama umeandikwa umeongezwa virutubishi. Ukisaga mwenyewe, dona ni bora kuliko sembe, kwa mahindi yaliyokaushwa vizuri na yasiyo na ukungu. Hili la ukungu si usafi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mpaka wa Texas na Meksiko, walizaliwa watoto wengi kuliko kawaida wasio na fuvu, na uchunguzi uliofuata ukahusisha jambo hilo na fumonisini, sumukuvu inayotolewa na ukungu kwenye mahindi na kuvuruga foleti kuingia kwenye seli. Mahindi yenye ukungu usiyapekue na kutoa mabaya ukabakiza mazuri. Yaache.

La mtoto kuwa mkubwa, hapana. Foliki haimkuzi mtoto akashindwa kupita. Watoto wakubwa kupita kiasi tunawaona zaidi kwa akina mama wenye sukari isiyodhibitiwa na wenye uzito mkubwa. Mwambie mama kwa heshima, hata ukitaka mjibu kwamba daktari amesema hivyo.

Na hili la "ukoo wenu" naomba tulikatae pamoja. Kweli kuna sehemu ya urithi, ndiyo maana ninakuuliza historia. Lakini watoto wengi wenye mgongo wazi wanazaliwa katika familia ambazo hazijawahi kumwona mwingine. Si laana, si mkono wa mtu, si adhabu ya jambo alilolifanya dada yako. Wanawake wameachwa kwa maneno haya, na watoto wamefichwa ndani mpaka kichwa kimekua pasipo tena la kufanya, wakati wangefikishwa hospitali siku ya kwanza mgongo ungefungwa na maji ya kichwani yangepunguzwa. Dada yako alimpeleka mwanawe. Mpongezeni kwa hilo, hadharani, mama mkwe akisikia.

Kabla sijamfikia dada, neno kwa wanaotumia dawa, maana wapo wanaosoma hapa. Valproati, dawa ya kifafa, ndiyo inayohusishwa zaidi na mgongo wazi, na kabamazepini nayo imo. Usiiache ghafla, degedege lenyewe linaweza kukuua wewe na mtoto. Nenda ukabadilishiwe kabla ya kushika mimba. Na wanaotumia dolutegraviri kwa VVU, hofu kwamba inaleta mgongo wazi, iliyotokea Botswana mwaka 2018, ilifuatiliwa kwa mimba nyingi zaidi, tofauti ikafifia, dawa inaendelea kupendekezwa hata kwa wanaopanga kuzaa. Msiiache.

Dada yako yeye hayuko mpakani. Yeye ni miligramu 5 kila siku, bila mjadala, kuanzia angalau miezi mitatu kabla ya kuacha uzazi wa mpango, hadi wiki ya 12. Kunyonyesha hakumzuii. Bila foliki, kwa utafiti ule wa 1991, uwezekano wa kujirudia ulikuwa kama 3 au 4 kwa kila mimba 100. Kwa waliomeza ulikuwa 1. Namba hiyo mpelekee kama ilivyo, maana wengi katika hali yake wanaamini mtoto ajaye lazima awe vile vile, wanaogopa hata kumgusa mume.

Ila nisingependa abebe mimba wakati mtoto aliye naye hajatulia. Kama aliwekewa mrija wa kutoa maji kichwani, awe macho: kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida, utosi kuvimba, macho kutazama chini kama jua linalozama, au homa, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje tarehe ya kliniki. Asiache kumpima mzingo wa kichwa kwa futi ya kamba na kuandika. Aulize pia kuhusu kumtoa mtoto mkojo kwa mpira, kwa sababu watoto hawa wengi hawakojoi wakamaliza, na mkojo unaobaki unaharibu figo polepole bila mtu kujua. Kuna chama cha wazazi wa watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa Tanzania, ASBAHT. Akina mama wa humo watamfundisha mambo ambayo mimi nimeyasoma tu na wao wanayaishi.

Akishapata mimba, aende kliniki mapema, kabla ya miezi mitatu, na kadi ya mtoto huyu mkononi, aseme mwanzoni kabisa kwamba mtoto aliyetangulia ana mgongo wazi. Aombe utrasaundi mara mbili: kati ya wiki ya 11 na 14 kuona kama fuvu limefunika, na kati ya wiki ya 18 na 22, kwa mtaalamu mwenye mashine nzuri, atazame mgongo pingili kwa pingili. Wewe nawe fanya ya wiki ya 18 hadi 22. Likionekana tatizo, mnapanga mapema kujifungulia hospitali yenye wapasuaji wa mishipa ya fahamu, ili mgongo wa mtoto ufungwe ndani ya siku mbili tatu za kwanza, kabla wadudu hawajaingia.